Kwanza Tuombe

Viatu ndivyo vilivyomtisha Yayeri. Wahubiri wawili walisimama mlangoni pake mchana kweupe, Biblia kwapani, lakini yule mrefu alivaa buti nyeusi za jeshi.

"Bwana asifiwe, mama," alisema huyo mrefu. "Mimi iko Ojara. Huyu Muhwezi. Sisi napita nyumba kwa nyumba na neno ya Mungu."

Kiswahili cha kambi za jeshi hicho. Na jina la kaskazini, kama la wengi wa askari walioletwa Bwera, mpakani na Kongo, mwaka ule kuwasaka vijana waasi wa mlimani.

Nyuma ya pazia alilala mwanawe Kule, na homa yake. Alikuwa ameshuka mlimani jana kutafuta dawa, na mjane huyu hakuwa na mtoto mwingine. Kuwafukuza wahubiri kungewashtua majirani. Kuwakaribisha ni kumleta askari hadi karibu na kitanda.

"Karibuni, baba zangu. Mukae."

Ojara hakukaa vizuri. Alichungulia dirishani, akamtazama mwenzake, akashusha sauti. "Mama, ndani iko mutu mwingine?"

"Iko Yesu." Tangu aokoke Yayeri hakuwahi kusema uongo, na hata huo aliona hakuusema.

"Basi nataka ambia wewe neno moja..."

"Neno ya Mungu haianzi kavukavu, baba. Kwanza tuombe."

Alipiga magoti bila kungoja jibu. Mtu wa dini hamkatizi mwenzake katika maombi, na askari anayejifanya mtu wa dini, aliwaza Yayeri, naye itambidi avumilie. Kweli, wakapiga magoti, wakafumba macho.

Aliomba kwa Kikonzo, lugha ya kwao, maana wageni wa namna ile hawakijui, na kwa sauti ya kufika nyuma ya pazia. "Ee Mungu uliyemtoa Petro gerezani, mwamshe mtoto wangu. Mpitishe jikoni, umfiche kwenye migomba mpaka mtoni. Mvushe Kongo."

Ojara alikohoa. "Amina, mama. Sasa..."

Yayeri alikwisha kuingia kwenye maombi ya wagonjwa wa Karambi. Akatoka hapo akaombea wajane, kahawa, mvua, na wote wenye safari. Kitanda kikalia, kisha mlango wa jikoni. Akapandisha sauti. Muhwezi akamgusa bega, "Mama, tafadhali," naye akaanzisha wimbo, akauimba beti zote, hata zile ambazo kanisani huziruka.

Moyo wake ulimfuata Kule mgomba kwa mgomba. Na homa ile, angefika? Hakuwa na la kumsaidia ila kuendelea kuomba. Akaomba mpaka sauti ikakauka, mpaka akaona kwamba sasa mwanawe atakuwa ameyakanyaga maji. Ndipo akasema amina.

Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaketi.

"Sasa museme, baba zangu. Mimi nasikia."

Ojara alikuwa ametota jasho.

"Mama, mimi nafundisha dini kwa watoto ya kambi, hata buti hii napata huko, ndiyo sababu nasikia mambo," alinong'ona. "Ambia mutoto yako asitoke ndani. Tangu asubuhi askari iko mutoni, najificha kwa migomba, nangoja yeye."