Mama Mwenye Ndevu

Kiprugut alikuwa mwana wa Chumo, na Chumo mwana wa Lang'at, watu ambao neno lao halikuhitaji shahidi. Asubuhi moja ya mwaka 1953, katika shamba la ngano huko Njoro, alisimama kando ya lori lililojaa Wakikuyu waliokuwa wakifukuzwa na serikali ya wakoloni, kibuyu cha maziwa mkononi.

Juu ya lori, Nyakio mdogo, aliyepakatwa na mamaye, alimnyooshea mikono. "Mama! Mama!"

Askari akaangua kicheko. "Lo, mzee! Mama gani huyu mwenye ndevu?"

"Kwetu Wakipsigis, mama ni mjomba," Kiprugut alimjibu. "Kwa Wakikuyu vilevile, ingawa lugha zetu hazina undugu. Mamaye mtoto huyu ni dada yangu."

Askari akaacha kucheka. "Afisa amesema aliyeingizwa katika ukoo wenu abaki na mtoto wake. Wazee wenu wamemfanyia tambiko?"

Mamaye Nyakio, Mkikuyu aliyemwita dada kwa mdomo tu, aliliomba tambiko hilo miaka mitatu, na kila mara Kiprugut alimwambia, "Tuvune kwanza." Sasa mwanamke huyo alimtazama kutoka juu ya lori.

Neno moja la uongo lingetosha.

"Bado," akasema mwana wa Chumo.

Lori likanguruma. Alimimina maziwa kiganjani ampake mtoto kifuani, kama mjomba abarikivyo, lakini mkono haukumfikia. Maziwa yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Nanyi vijana, sikilizeni: mnayemwita ndugu, mfanyeni ndugu leo, mbele ya mashahidi, kabla ya mavuno.