Mkono wa Kushoto

Kuanzia Handeni mpaka Korogwe hajazaliwa mtu wa kuninasa nikidanganya. Nikiwa kijiji cha Sindeni, mimi ni mtoto wa shehe. Nikifika Kwashemshi, ni yatima wa mchungaji, na kina mama hunijazia makande mpaka yanamwagika.

Leo nimefika Ngombezi, kwenye kambi ya mkonge nilikozaliwa, nimwone mama. Mlango wetu una pazia la watu wengine. Bibi wa nyumba ya pili ananiuliza namtafuta nani, nami nalificha jina la mama.

"Shikamoo bibi. Napita tu. Mimi mtu wa Handeni, mkonge hata siujui ukoje."

"Marahaba. Basi kaa, mgeni. Mbuzi wangu kakata kamba, nasokota nyingine."

Nakaa. Namsimulia duka la baba yangu, duka ambalo halijawahi kuwepo, naye anacheka mpaka anashika mbavu. Mikono yangu, kwa kukosa kazi, inachukua nyuzi za katani na kuzisokota pajani.

Kicheko kinakatika. Anautazama mkono wangu wa kushoto unavyokwenda na kurudi.

"Kambi hii aliyesokota kwa kushoto alikuwa mmoja tu," anasema. "Gregori, baba, kaburi la mama yako limeota majani."