Krimu ya Kumnyolea Baba

"Povu la kopo au krimu?" aliniuliza mama wa duka la dawa.

"Yoyote, mama! Baba hapati pumzi!"

Wodini, ng'ambo ya barabara, nesi alishasema wazi: barakoa ya oksijeni haishiki, ndevu zinavujisha hewa. Zinyolewe sasa hivi, na asikatwe hata kidogo, maana dawa anazomeza haziachi damu igande.

"Basi chukua krimu, mwanangu. Povu hukauka upesi. Krimu hulainisha ndevu ngumu, ila uipe muda."

Muda! Nilitaka kumrukia. Muda ningeutoa wapi?

Nilirudi mbio, nikampaka baba krimu kwa vidole, nikangoja huku kifua chake kikihangaika. Sikuwahi kumnyoa mtu. Nilishika wembe, lakini shavu lake lilikuwa limebonyea mno, ngozi imelegea, sijui pa kuanzia.

"Baba, nisamehe," nilisema.

Akafumbua macho, akauona wembe. Akafumba mdomo. Ile pumzi kidogo aliyobaki nayo akaijaza shavuni, mpaka ngozi ikakaza, akaishikilia hapo, akinitazama.