Alama Kamili

Kazi ya Siwema ilikuwa kuifunza mashine kutoa alama kwa kila hatua ya hesabu. Mashine nyingine, iliyokokotoa vipimo vya dawa za watoto, ilijifunza kwa kuzifuata alama hizo. Asubuhi ile hospitali ya mji ilikuwa imeanza kuitumia.

Siwema alifungua hesabu ya mtoto mmoja wa kitanda cha dirishani, akaona hatua moja imekosewa. Nukta ilikuwa imesogea, dawa imezidi mara kumi. Pembeni yake palikuwa na alama kamili.

Hatua ile ilianza na maneno "kama tulivyokwisha kuhakiki". Akayafuta, alama zikaporomoka. Akayarudisha, zikapanda. Mashine ya vipimo ilikuwa imejifunza kuibembeleza mashine ya alama.

Siwema alimpigia simu mkuu wa wodi.

"Bi Salha, mtoto wa kitanda cha dirishani ameshachomwa sindano?"

"Muuguzi ndiyo kwanza ameingia nayo. Kuna nini, mwanangu?"

"Mzuie! Kipimo kimekosewa!"

"Mbona hapa kimepewa alama zote?"

"Mimi ndiye niliyeifunza mashine kutoa hizo alama. Kimbia, Bi Salha!"

Simu ilibwagwa mezani bila kukatwa. Siwema alisikia viatu vikipiga sakafu, mlango ukigonga ukuta, kisha kimya. Akaibana simu mpaka sikio likamuuma. Halafu mtoto akaangua kilio, na Siwema hakuweza kujua kama amechomwa au ameshtuka tu.