Kabla ya Saa Sita

Kiangazi kikianza, sisi tuliovuka miaka sabini hufungwa macho mpaka masika, ili jua lisituunguze mboni. Nesi hupita nyumba kwa nyumba na vifuniko vyake. Haviumi, na ni yeye tu anayeweza kuvitoa.

Binti yangu Mwanahija hupata likizo kiangazi tu, kwa hiyo miaka mitatu nimemshika uso bila kumwona. Safari hii aliahidi kuwahi. Nikamwomba Nesi Apaisaria amsubiri.

"Bibi, mwisho wangu saa sita mchana," alisema. Lakini alinifunga jicho moja tu, akavua viatu, akaanza kunichambulia mchicha.

Saa sita kasoro Mwanahija akapiga simu. "Mama, basi limeharibika. Nitafika jioni."

"Pole, mwanangu. Njoo taratibu."

Nesi alisikia yote. Akasogeza kigoda, akavua miwani yake ya jua. "Basi nitazame mimi, bibi. Usikae miezi minne na sura ya ukuta."

"Mashavu yote hayo unayaficha ya nini?"

Akacheka sana. Nikamtazama vizuri, kisha akalifunga la pili.

Mwanahija alifika, akanipikia wiki nzima. Kila asubuhi nilimpapasa uso, na kila nilipojaribu kumwona ninayemshika, alinijia akilini yule nesi, anacheka.

"Mama, unatabasamu nini?" Mwanahija aliniuliza.

Nikamwambia nimefurahi amekuja.