Kuuguliwa

Profesa Mbaruku aliingia kwenye chumba cha mtihani akiwa amechelewa. "Niwieni radhi, nimeuguliwa," alisema, akaketi mbele ya Zawena, aliyekuja kutetea tasnifu yake ya falsafa kuhusu ule ugonjwa uliofunga mji.

"Mwanangu, wanafalsafa wa Ulaya wanasema janga lile lilimfunua mtu kuwa yuko peke yake. Wewe unawapinga kwa kitenzi kimoja cha Kiswahili! Hiyo ni sarufi. Nitajie mwanafalsafa wako, la sivyo nakufelisha."

"Profesa, nani anaumwa nyumbani?"

"Mama."

"Pole sana. Na wewe?"

"Mimi mzima."

"Mbona umesema umeuguliwa? Ugonjwa ni wa mama, kitenzi umekibeba wewe. Mwaka ule mji mzima uliuguliwa; nani alikuwa peke yake? Ukitaka jina la mwanafalsafa, andika la mama, aliyekufundisha kusema hivyo."

Profesa aliguna, akavuta karatasi ya matokeo, iliyotakiwa kujazwa kwa Kiingereza. Aliandika mistari miwili, akafika mahali pa kukitaja kile kitenzi, akakitafutia Kiingereza chake. Kalamu ikasimama. Zawena alisubiri, shingo imenyooka.

Kalamu ilikaa hewani kitambo, kisha ikashuka na kuandika herufi K.