Kiti cha Kukaimu

Tangu mkubwa wake afariki, Mwasomola ndiye aliyekaimu kama mhandisi wa maji wa mji ule, akingoja kupandishwa cheo. Asubuhi hiyo mkuu wa idara alimwita.

"Nafasi za kupandisha watumishi wa ndani zimejaa," alisema bila kumtazama. "Iliyobaki ni ya ajira mpya, na mhandisi ameshafika. Mkabidhi ofisi."

Mwasomola alirudi ofisini kwake. Mlangoni alisimama binti yake, Atupele, amevaa viatu ambavyo yeye mwenyewe alimnunulia kwa ajili ya mahafali ya chuo cha uhandisi, na barua ya ajira mkononi.

"Shikamoo, Baba. Mimi niliomba kazi tu. Kituo wamenipangia wao."

"Marahaba. Ingia."

"Na nikikataa?"

"Watamleta mwingine. Mimi hawanipi."

Alivuta kiti kutoka nyuma ya meza, akakifuta vumbi kwa kiganja, kisha akasogea pembeni. Atupele hakukaa. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Simu ya mezani ikaanza kulia. Mwasomola alinyoosha mkono kama alivyozoea, lakini ukasita juu ya simu. Atupele aliutazama mkono ule. Simu iliendelea kulia.